Gazeti Chini ya Mguu wa Meza

Kwa muda wa miaka mingi niliyoitumia kuwafundisha watoto wa watu kuandika tarehe pembeni mwa daftari, nilijiwekea nadhiri kwamba nitakapostaafu Jumapili zangu zitakuwa za raha mustarehe: nitaamka jua likiwa limekwisha panda, nitavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, nitapita polepole katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa hadi mkahawa wa mtaani kwetu, na hapo nitakula chakula kisichojulikana kuwa ni cha asubuhi au cha mchana, bila ya kuangalia saa wala kuangaliwa nayo.

Chakula hicho Waingereza wamekipa jina kwa ujanja wa fundi cherehani: walikata kipande cha jina la chakula cha asubuhi, wakakata kipande cha jina la chakula cha mchana, wakavishona pamoja; na mwaka 1895 mwandishi wao mmoja, Guy Beringer, akakitetea chakula hicho kwa maandishi, katika hoja zake mojawapo ikiwa huruma kwa watu ambao starehe za Jumamosi usiku haziwaruhusu kuamka mapema siku ya pili. Mimi sina udhuru wa namna hiyo, alhamdulillahi. Nilijaribu tu kushona neno letu, nikapata "chamshamchana", na mke wangu alipolisikia akauliza kama hunywewa kabla ya kula au baada ya kula.

Basi Jumapili moja niliwasili saa nne na nusu, saa ambayo sikujua ugumu wake, kwani mbaazi za nazi za asubuhi zimekwisha chotwa na mchele wa pilau ungali unachaguliwa mawe. Mzee mwenye mkahawa, mtu wa taadhima asiyeweza kumrudisha mteja, alinitazama, akasema, "Sabalkheri, maalim. Umechelewa, au umewahi?"

Nikamjibu kwamba nipo katikati. Akashusha pumzi, akamwamuru kijana wake akwangue sufuria.

Nami nasema kwa insafu kwamba mbaazi za chini ya sufuria ni bora kuliko za juu, maana tui limekwisha ganda juu yake kama mafuta, na chumvi yote imeshuka huko. Nililetewa bakuli lake, mahamri mawili yaliyofura vizuri, ambayo ukiyapasua hutoa pumzi ya iliki, na gilasi ya chai ya maziwa iliyojaa hata ukingoni. Hapakukosekana kitu ila cha kusoma. Na hapo ndipo nilipoinama kidogo, nikaona gazeti lililokunjwa mara nne limelala chini ya meza, kama lililowekwa pale kwa ajili yangu.

Meza ile, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa na miguu minne kwa hesabu na mitatu kwa kazi. Nilipolivuta gazeti, kwa ule utulivu wa mtu asiye na haraka, meza iliinama kwangu kwa heshima kubwa, gilasi ikaanza safari, bakuli likaifuata, na kabla sijatamka bismillahi, chai ilikuwa mapajani na mbaazi zimejipanga kifuani pangu mfano wa nishani. Niliinua mkono kuokoa hamri moja. Kunguru aliyekuwa juu ya paa alishuka, akalitwaa mkononi mwangu, akaenda zake. Wahenga wamesema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, lakini nadhani walimkusudia kunguru wetu wa asili mwenye weupe kifuani, si hawa wa Kihindi, ambao wazee wao waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe mji kwa kula takataka, na wajukuu wao wakaona mahamri ni matamu zaidi.

Kijana alikuja na kitambaa, wala hakuonyesha mshangao wowote. "Pole, maalim," akasema. "Kila Jumapili hapakosi mmoja."

Kwa kuwa aibu ilikwisha nipata yote, niliona si vibaya nipate na faida yake, nikalifungua gazeti. Lilikuwa la zamani, limelowa chai, na ndani yake mlikuwa na habari ya majirani wawili waliogombea mbuzi mmoja mahakamani, hata hakimu, baada ya kuchoshwa na mashahidi, akaamuru mnyama afunguliwe kamba ili aende mwenyewe kwao. Mbuzi alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akaanza kutembea kuelekea... Inaendelea ukurasa wa 7.

Ukurasa wa 7 haukuwamo. Nilipepesa macho sakafuni, na nikauona umekunjwa vizuri chini ya mguu wa meza ya pili, ambapo nahodha mmoja mkongwe alikuwa akinywa kahawa chungu kwa finjani, sahani ya haluwa mbele yake. Nikautazama ule mguu wa meza. Nahodha akaitazama kanzu yangu kwa muda mrefu, kuanzia kifuani hadi mapajani. Kisha, bila ya kusema neno, akayavua makubadhi yake, akaweka nyayo zote mbili juu ya karatasi ile, akaagiza finjani nyingine.