Mzigo Umeondoka, Posho Imebaki

Punda wa Nzega alizeeka akiwa bado anakula chakula cha ujanani. Alizaliwa Unyanyembe enzi za misafara, akabebeshwa mizigo tangu hajamaliza kuota meno. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili begani, kilo 30 na ushei. Punda alibeba mara mbili ya hizo, akatoka Tabora kushika njia ya kaskazini, kule alikoelekea Mwingereza Speke mwaka 1858 alipotoka Kazeh, yaani Tabora hiyo hiyo, kwenda kuliona ziwa huko Mwanza.

Msafara ulipotua, mnyapara alipima posho: kibaba cha nafaka kwa kila kichwa, vibaba vinne vikitimia ni pishi. Mnyapara wa wanyama alikuwa Tandala, maana baragumu ni pembe yake mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Alilipuliza mara tatu: alfajiri kabla ya kujitwika, adhuhuri kivulini, na jioni baada ya kutua. Mara zote tatu Punda alikula, na mara zote tatu alikuwa na njaa ya kweli. Aliyetembea tangu alfajiri na kilo 60 mgongoni haulizwi kama ana njaa.

Kisha reli ikaja. Mwaka 1912 ilifika Tabora. Mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika, likapita Bukene, humo humo wilayani Nzega, na mizigo ya Punda ikapanda behewa. Lakini Tandala hakujua kazi nyingine. Aliendelea kupuliza baragumu mara tatu kwa siku, na wanyama wakaendelea kuja na vyombo vyao kupimiwa. Mzigo uliondoka, posho ikabaki.

Punda wa hekaya hafi upesi, ndiyo maana huyu wetu aliona pia lami ikija, na stendi ambako mabasi ya Mwanza, Kahama, Tabora na Singida yanapokezana abiria. Hapo stendi Ngedere alikuwa na beseni lake la mayai ya kuchemsha, karanga za kukaanga na mahindi ya kuchoma. Abiria ameshakula Igunga, na bado atakula Nzega, kwa sababu basi limesimama na beseni limefika dirishani. Punda naye alijizoesha kupita stendi kati ya baragumu la adhuhuri na la jioni. Hakuwa na njaa. Alikuwa na nafasi.

Mwili ukaitika. Kwanza tandiko lake la zamani likakataa kufunga. Kisha magoti yakaanza kuuma akipanda kutoka mtoni. Mwisho akawa anasimama katikati ya njia ya kwenda Puge, anahema, na watoto wa mbuzi wanampita wakicheza. Hapo ndipo alipoomba baraza, na wanyama wakakusanyika chini ya mwembe.

Wa kwanza kusema alikuwa Fisi. "Mzee Punda, mwangaluka. Mimi nasema kula. Babu yangu alikufa mwaka wa njaa, amelala mbele ya kihenge kitupu. Chakula kikiwepo, kiingize tumboni. Tumbo ndilo ghala ambalo mwizi halivunji."

Wanyama wengi walitikisa vichwa kukubali, na sithubutu kuwalaumu. Nzega ni nchi ya mvua chache, na kila ukoo una mwaka wake wa njaa unaosimuliwa. Anayekula leo kwa hofu ya kesho ana sababu aliyorithi. Shida ni kwamba Fisi aliyatoa maneno hayo kihenge kikiwa kimejaa mtama hadi mdomoni, matobolwa yakining'inia ndani ya magunia, na beseni la Ngedere likipita kila saa. Hofu ya mwaka wa njaa ilikuwa inalishwa katika mwaka wa shibe.

Wa pili alikuwa Kinyonga, ambaye hukaa siku nzima juu ya tawi bila kuonekana akitafuna. "Usile kabisa," alisema. "Siku tatu. Tumbo litaona aibu, litarudi mahali pake."

Punda alikuwa na haraka, kwa hiyo akamsikiliza Kinyonga. Siku ya kwanza alijisifu. Siku ya pili alimpiga teke ndama aliyemsalimia. Usiku wa tatu aliamka, akaenda moja kwa moja kwenye kihenge, akasukuma kifuniko cha nyasi kwa pua, akala mtama hadi midomo ikauma, kisha akafungua gunia la matobolwa. Mnajua matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu, vitamu kuliko vilivyotoka shambani. Ukivila vikavu vinavyeyuka polepole mdomoni, na ukinywa maji juu yake vinavimba. Punda alikula gunia nusu, akaenda mtoni kunywa. Asubuhi walimkuta amelala ubavu, tumbo limekaza, macho yamemtoka.

Kobe ndiye aliyekaa naye siku ile. Hakumcheka wala hakumpa amri. Alimwuliza swali moja tu: "Mzee, siku ile ya baraza, kabla Kinyonga hajakutia maneno kichwani, ulikuwa na njaa?"

"Baragumu lilikuwa halijalia."

"Sikuulizi habari za baragumu."

Punda akanyamaza. Kwa umri wake wote hakuwahi kujiuliza. Njaa yake ilikuwa mikononi mwa Tandala.

"Basi nikufundishe kipimo," alisema Kobe. "Ukitaka kula, jiulize: ningewekewa ugali wa mtama wa jana, umeshapoa, na mlenda usiotiwa karanga, ningekula? Kama ungekula, hiyo ni njaa, ule bila aibu. Kama unautaka tu ule utamu wa beseni la Ngedere, basi anayeomba ni ulimi. Au ni uchovu, au ukiwa. Ukiwa haupozwi na karanga."

"Na baragumu likilia, mbona tumbo linanguruma?"

"Kwa sababu limefundishwa. Likiitwa siku zote saa ile ile, hujiandaa saa ile ile."

Hapa natoka kidogo ndani ya hekaya, kwa sababu Kobe alisema jambo ambalo maabara imelithibitisha. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani walitangaza kuitambua ghrelini, homoni inayotoka zaidi tumboni na kuuambia ubongo kwamba ni wakati wa kula. Baadaye ilionekana kwamba hupanda kabla ya saa ambazo mtu amezoea kula, na hushuka akishakula. Yaani baragumu linaweza kuwa ndani ya mwili wenyewe. Tena kuna jambo gumu zaidi, ambalo wauza dawa za kupunguza tumbo hawalisemi: mtu aliyepungua uzito kwa kujinyima, homoni hiyo huweza kupanda kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mwili unautaka uzito wake urudi. Ndiyo maana aliyepungua na kurudi alipokuwa hastahili kuitwa mlafi.

Na kuhusu ile amri tuliyoisikia tangu shuleni, kwamba usipokula asubuhi utanenepa: mwaka 2019 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha tathmini ya majaribio 13. Waliopangiwa kula kifungua kinywa walikula kwa siku nzima wastani wa kalori 260 zaidi ya waliopangiwa kukiacha, na uzito wao haukupungua zaidi. Watafiti wenyewe walionya kwamba ubora wa majaribio hayo haukuwa wa juu, na onyo hilo lichukuliwe kama lilivyo. Lakini tathmini hiyo inatosha kumwondolea hatia mtu mzima mwenye afya anayeamka bila njaa na kungoja hadi njaa ije.

Turudi Nzega. Punda alianza. Baragumu la alfajiri likilia, alibaki amelala, au alikwenda kutembea njia ya Puge mgongo mtupu. Siku za mwanzo tumbo lilinguruma kama kawaida yake, kisha likaacha. Akawa anakula katikati ya asubuhi, kunde na ugali, akishiba anasimama. Kunde na choroko, alimwambia Kobe, zinakaa tumboni kuliko mandazi. Magoti yalianza kumpa nafuu. Hakurudi kuwa kijana, wala tandiko la zamani halikufunga, lakini watoto wa mbuzi wakawa hawampiti tena mlimani.

Ingeishia hapo ingekuwa hekaya nzuri. Ila Punda alifanya yale tunayoyafanya sote tukipata nafuu: akawa mhubiri. Alisimama karibu na Tandala kila adhuhuri na kumhoji kila anayekuja na chombo. "Una njaa? Kama huna, rudi nyumbani." Wengine waliona haya, wakarudi.

Aliyerudi wa kwanza alikuwa Mama Kuku, aliyekuwa akiatamia. Kuku anayeatamia hupoteza hamu ya kula. Huyo akingoja njaa imwamshe, atakonda juu ya mayai yake. Mama Kuku alirudi bila kula, na siku zilivyopita manyoya yakaanza kumlegea.

Aliyerudi wa pili alikuwa Bibi Mbuzi. Bibi huyu alikuwa na kisukari, na alikuwa ameshakunywa vidonge vyake asubuhi, vile vinavyoliamrisha kongosho litoe insulini. Dawa ya namna hiyo, sawa na sindano ya insulini, haingoji kuulizwa kama mtu ana njaa. Ukishaimeza, sukari ya damu inashuka, na chakula lazima kiikute njiani. Bibi Mbuzi alisema hana njaa, na ni kweli hakuwa nayo. Punda akamsifu mbele ya watu.

Kabla jua halijapinda, Bibi Mbuzi alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka puani na shingoni ingawa alikuwa kivulini. Akamwita Kobe kwa jina la marehemu mumewe. Kobe alielewa mara moja. "Asali! Leteni asali, bado anaweza kumeza!" Nyuki wa miombo ya Tabora hawajawahi kuwa mbali, wala hawakuwa mbali siku ile. Bibi akalambishwa asali taratibu, akakaa, macho yakamrudia, akapewa uji. Punda alisimama pembeni, kichwa chini, na hakuna aliyemsemesha hadi jioni.

Usiku ule baraza lilikaa tena, na safari hii aliyesema kwa uchungu zaidi alikuwa Shangazi Ngiri. "Mnazungumza njaa na dawa, na mimi je? Mtoto wa kaka yangu anakuja kunisalimu kutoka Ndala, namchinjia, napika wali, ananiambia, 'Shangazi, sina njaa.' Sina njaa! Wali ule sikuupika kwa ajili ya njaa yake. Niliupika kwa sababu amekuja."

Baraza lilinyamaza, maana alikuwa amesema kweli. Kwetu sahani ni salamu, na asiyeigusa amekataa mkono. Nami nasimama na Shangazi Ngiri. Uzito wa Punda haukuletwa na wali wa shangazi, unaopikwa mara chache kwa mwaka. Uliletwa na baragumu la kila siku na beseni la kila saa. Mtu akienda kwa shangazi yake anawe mikono, ale matonge matatu au manne kwa furaha, amsifu mpishi, kisha aseme, "Shangazi, nifungie hiki nile jioni." Hakuna shangazi Nzega nzima atakayekasirika kwa kufungasha. Kumhesabia kalori mbele ya chungu chake ni ukosefu wa adabu, na adabu nayo inalisha.

Tandala alisikiliza yote hadi mwisho, pembe iko chini miguuni pake. Wengine walitaka baragumu livunjwe. Akakataa, na kwa haki: wapo wanaolihitaji. Akatoa hukumu mbele ya wote.

Baragumu litapulizwa kama zamani, mara tatu. Anayekuja apimiwe. Asiyekuja asiulizwe, asichekwe, wala asipelekewe chakula kwa nguvu. Ngedere auze beseni lake, ila asilipitishe dirishani kwa aliyekataa mara moja. Hakuna anayeruhusiwa kumhoji mwenzake kuhusu tumbo lake, awe mnene au mwembamba, na Punda alitajwa hapo kwa jina. Lakini watoto, anayeatamia, mjamzito, mzee aliyepoteza hamu ya kula, na kila aliyepewa dawa zinazohitaji chakula, hao hawangoji njaa. Hao watafuatwa nyumbani kwa saa yao, na wakitaka kubadilisha saa hiyo wamwone kwanza mganga aliyewapa dawa, wasimwone Punda.

Kazi ya kumpelekea Bibi Mbuzi uji wa adhuhuri akapewa Punda. Ni mzigo mdogo, kibuyu kimoja, na njia ya kwenda kwake ni ya kupanda. Anaupeleka kila siku.