Kesi ya Ukanda wa Mzee Nyani

Zamani wanyama wa Dilala, mtaa wa Kolwezi, walikuwa na wembe mmoja, na wembe huo ndio uliokuwa fahari yao. Ulikuwa wa chuma safi, wa kukunjwa ndani ya mpini wa pembe, na sifa zake zilivuka Mto Lualaba. Kila mgeni aliyefika Kolwezi aliuliza habari za wembe. Habari za ukanda hakuuliza mtu.

Ukanda ulining'inia ukutani kwa Mzee Nyani, kinyozi. Ilikuwa ngozi ya Nyati, aliyowaachia wenzake alipokufa. Alfajiri, kabla hajagusa ndevu za yeyote, Mzee Nyani aliupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, akausugua kwa kiganja toka juu hadi chini mpaka ngozi ikapata joto, kwa maana mafuta ya mkono ndiyo chakula chake cha kila siku. Kisha aliuvuta ukakaza, akaulaza wembe bapa juu yake, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Ukifika mwisho aliugeuza kwa mgongo, kamwe si kwa makali, akarudi nao. Mara chache, hasa kiangazi kinapokausha kila kitu, alichovya kidole kwenye mafuta ya kwato, akasambaza tone hilo hadi likapotea, na lililozidi akalifuta.

Siku moja Chui, mkubwa wa mji, alikuja kunyolewa akaikuta kazi hiyo.

"Mzee Nyani, ngozi hii imemnyoa nani?"

"Hakuna, Mkubwa."

"Basi mbona inakula mafuta ya mji?"

"Mkubwa, makali ya wembe ni membamba mno. Yakikutana na ndevu hupinda, ingawa jicho halioni. Jiwe la kunolea hula chuma. Ukanda huyanyoosha makali na chuma kikabaki. Siku ukanda ukifa, mtaulazimisha wembe kwenda kwenye jiwe kila juma, na mtaumaliza."

Katika maneno yote hayo Chui alisikia moja tu: mafuta. Kesho yake amri ikatoka: mafuta ya ukanda yahamie kwenye mpini wa wembe, ung'ae mbele ya wageni. Mzee Nyani akapumzishwa, na Fisi, mpwa wa mke wa Chui, akawa kinyozi. Mafuta yalitoka ghalani chupa nzima. Yalipokwisha kupita mikononi mwa Fisi, mpini uliambulia harufu.

Kiangazi kikaingia. Malori ya mgodi wa Musonoi yakapita mchana na usiku, vumbi jekundu likajaa kila nyumba. Fisi hakupangusa. Chembe za mchanga zikakaa kwenye ngozi, na kila mara wembe ulipopita zikaung'oa makali. Ukanda aliushika ukiwa umelegea, makali yakabutuka. Alipokuwa na haraka aliugeuza wembe kwa makali, akaichanja ngozi. Beberu aliingia na ndevu, akatoka na nusu ya ndevu na kidevu kinachovuja damu.

Malalamiko yalipozidi, Chui aliandaa sherehe ya kuuenzi ukanda. Ngoma zikapigwa, hotuba zikasomwa, na mbele ya umati akaumwagia debe zima la mawese. Makofi yakavuma. Ngozi ikavimba, ikanata, ikanuka, na vumbi likaipenda kuliko mwanzo. Kesho yake Fisi alimnyoa Chui mwenyewe, aliyekuwa anangojea wageni, akamchana shavu.

Hapo ndipo ukanda uliposhtakiwa.

Baraza lilikaa. Fisi alishuhudia kwamba ukanda ni mvivu: umepewa debe la mafuta na bado haufanyi kazi. Beberu akaonyesha kidevu. Wazee wakakubaliana uchomwe moto, na Fisi akaomba apewe yeye autafune, mali isipotee bure. Ndipo akainuka Fuko, mchimbaji wa Kasulo, macho yakimuuma kwa mwanga.

"Wakubwa wangu, mimi nashinda chini ya ardhi, mambo ya juu siyajui sana. Lakini nauliza: ukanda huu umemkata nani? Ninyi mmekatwa na wembe. Wembe umeharibiwa na mchanga. Mchanga uliachwa na mkono uliotakiwa kuupangusa. Kila siku ukanda ulipitiwa na chuma ili nyuso zenu zipendeze, nanyi mkaukumbuka siku moja, tena kwa ngoma. Hauombi debe. Unaomba mkono."

Baraza likakosa jibu, Mzee Nyani akaitwa. Aliupaka ukanda unga laini wa muhogo unyonye mawese, akaukwangua taratibu kwa mgongo wa kisu, akarudia. Akausafisha kwa povu la sabuni bila kuulowesha, akauanika kivulini, maana jua hupasua ngozi yenye unyevu. Michanjo akailainisha kwa msasa mwembamba. Kisha akaanza upya na kiganja, kila alfajiri.

"Utapona lini?" Chui akauliza.

"Mkubwa, amri haiingii kwenye ngozi. Kiganja huingia."

Hekaya hii naipeleka kwa wenye madaraka wa Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba nchini Kongo tangu 2015. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mapato yalichukuliwa, mashine zikakosa vipuri, na Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Leo dunia inakuja kwetu kutafuta kobalti ya betri, na sifa zote zinapewa madini, ambayo ndiyo wembe wetu. Ukanda ni wachimbaji, barabara zinazobeba malori, maji ya kunywa na shule za watoto wa Dilala. Hivyo haviponywi kwa zawadi ya siku ya uzinduzi. Vinataka matunzo madogo yasiyokatika: mshahara ufike kwa wakati, barabara imwagiwe maji vumbi litulie, bomba litengenezwe kabla halijapasuka. Wakubwa, msingoje shavu likatwe. Anzeni mwezi huu.