Taarifa za Siri, Fulana Bure

Fomu ya tathmini waliyotugawia siku ya mwisho ina visanduku vitano vya kuweka vema, kuanzia "hafifu" hadi "bora sana", na chini kabisa kuna mstari mmoja wa "maoni mengine". Mstari wenyewe haufiki hata urefu wa kidole. Mtu nimekalishwa kwenye kiti cha plastiki kutwa nzima, mgongo unaniuma mpaka leo, halafu maoni yangu yatoshe pale! Nikaandika "asante kwa chai", nikarudisha. Yaliyobaki nayamwaga hapa.

Kwanza msinikimbie. Siku hizi ukisema umesomea kukusanya taarifa, watu wanashusha sauti na kuulizana kama wewe ni mtu wa kitengo. Mimi si mtu wa kitengo. Idara ya Usalama wa Taifa ina sheria yake ya mwaka 1996, iko chini ya Ofisi ya Rais, na sheria hiyo hiyo inakataza kuwaanika watumishi wake. Kozi yao siijui wala sina hamu ya kuijua. Yetu ilikuwa ya ulinzi shirikishi: wenyeviti wa mitaa, mabalozi, vijana wa doria, na sisi wenye maduka tunaokaa barabarani kutwa. Mimi nauza pembejeo. Anayenunua sumu ya panya hapa Babati mjini namjua, na panya wake karibu niwajue.

Nianze na bango. Mlangoni mwa ukumbi walitundika bango lenye maneno "MAFUNZO YA UKUSANYAJI WA TAARIFA ZA SIRI", herufi nyekundu ambazo abiria wa basi la Singida anazisoma bila miwani. Nje pameegeshwa shangingi jeupe. Kabla ya chai tukagawiwa fulana, mgongoni zimeandikwa "MTOA TAARIFA MWAMINIFU". Nikauliza tutazivaa lini. Mkufunzi akanijibu, tena bila hata kutabasamu, "Mkiwa kazini, mzee wangu."

Somo la nyumba kumi ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mstari wa mbele alikaa balozi mmoja mzee sana, aliyeanza ubalozi enzi za Mwalimu. Mfumo huo TANU iliuanzisha miaka ya 1960, na kwa miaka mingi mgeni hakulala mtaani bila balozi kujua katoka wapi na anaondoka lini. Vilipokuja vyama vingi mwaka 1992, balozi akabaki kuwa wa chama, serikali ikashika mwenyekiti wa mtaa. Wakenya wao walitangaziwa Nyumba Kumi mwaka 2013, mwaka wa shambulio la Westgate. Sasa kijana wa juzi anasimama na projekta, anamweleza yule mzee maana ya "kumfahamu jirani yako", na mzee anatakiwa aandike kwenye daftari! Mzee aliandika. Nilichungulia daftari lake: alikuwa anaandika orodha ya waliochelewa.

Niwe mkweli, somo moja nililipenda. Kuna mfumo wa kupima taarifa uliotoka kwa wanamaji wa Uingereza, na majeshi ya NATO yanautumia. Mtu anapewa herufi: A unamwamini kabisa, inateremka hadi E asiyeaminika, na F ni yule usiyeweza kumpima. Habari yenyewe inapewa namba: 1 imethibitishwa na wengine, inashuka mpaka 6 isiyopimika. Herufi na namba havichanganywi, kwa sababu mwongo naye huna hakika atakuja kusema kweli lini, na mkweli anaweza kudanganywa akakuletea uongo kwa moyo safi. Akili kabisa! Ila mifano yote ilikuwa ya meli za kivita. Babati tuna ziwa, ndiyo, lakini chombo chetu kikubwa ni mtumbwi, na anayetishia usalama majini ni kiboko.

Tukaomba tupime watu wetu. Akatajwa mama anayekaanga samaki karibu na stendi. Balozi akampa A-1 papo hapo. Mwenyekiti mmoja akasimama na kumpa D, kwa madai kwamba kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 mama yule alitangaza kuwa yeye mwenyekiti angeshindwa. Kumbe alishinda. Ukumbi ukagawanyika, wengine wanasema hiyo D ni ya chuki, wengine wanadai mwenyekiti alipita kwa kura chache hivyo habari ilikuwa 3. Mkufunzi akatangaza mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba.

Kisha zoezi la kumfuatilia mtu. Mkufunzi angeshuka stendi na mkoba mweusi, nasi tumfuate tusionekane, kila mmoja aandike alikokwenda. Nimepiga hatua mbili: "Shikamoo mzee, leo hujafungua duka?" Marahaba. Mbele kidogo: "Mzee, dawa ya viwavi imefika?" Imefika, mwanangu. Usipoitikia salamu hapa mjini wanadhani umefiwa, wataanza kuchangishana. Kijana wa bodaboda akasimama ubavuni: "Mzee panda nikuwahishe, yule unayemfuata keshashika njia ya Bonga."

Nikaenda kwa mama wa samaki. Alikuwa anageuza perege kwenye mafuta, hakuinua hata uso. "Yule mgeni wenu? Kalala gesti ya nyuma ya soko. Chumba elfu ishirini, kaomba risiti ya elfu hamsini. Samaki wangu hali, ana vidonda vya tumbo. Kesho kutwa anaondoka na basi la alfajiri." Nikaandika yote, sikuacha nukta. Alama zilipotoka nilikuwa wa mwisho, kosa langu ni kuonekana. Karatasi za wenzangu zilirudishwa. Yangu yenye habari ya risiti haijarudi mpaka leo.

Mtu akauliza kuhusu sheria. Alikuwa kasoma kwamba sheria ile, ilivyopitishwa mwaka 1996, haikuruhusu idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au kupinga jambo kwa njia halali. Akataka kujua na sisi wa mtaani mipaka yetu inaishia wapi: anayelalamikia ushuru wa soko tumwandike au tumwache? Hilo ndilo swali nililotaka litumie siku nzima. Lilipewa dakika tatu, maana wali ulikuwa umefika na mkufunzi alisema wali haungoji.

Fulana yangu mke wangu kaichukua anapigia deki. Posho tumeambiwa itaingia kwenye simu kabla ya Ijumaa. Yule kijana wa bodaboda kasema haiingii, hela imeshakwisha kwenye mabango. Nimempa B-2.