Namna ya Kumnunulia Mzee Vita

Shati la kitenge analo. Redio anayo, na ile ya zamani iliyokufa pia anayo, iko kabatini inamsubiri fundi. Ukimletea viatu, anaviweka akiba kwa ajili ya misiba. Ukiona hivyo, ujue Mzee wako amefika daraja la wazee wasiotaka kitu duniani isipokuwa vita: vya Kagera, vya Pili vya Dunia, hata vile vya Wamarekani wao kwa wao. Basi mpelekee filamu za historia.

Ila usiende kwenye kibanda cha CD na flashi yako ukamwambia kijana, "Nijazie dokumentari." Mimi nilifanya hivyo, nikajaziwa simba na nyati. Mzee aliwatazama dakika tano, kisha akauliza, "Hawa nao vita yao iliisha mwaka gani?"

Kabla ya yote, elewa kwamba Mzee haangalii filamu ili ajue. Anaangalia ili asahihishe. Kwa hiyo unaponunua, usihangaike na tuzo wala picha kali. Tafuta msimulizi anayenyamaza. Akitamka sentensi mbili, akaacha muziki upite, hapo Mzee anapata upenyo wa kusema, "Anachokificha hapa ni hiki." Msimulizi wa maneno mfululizo ni mshindani, na nyumba haina wazee wawili.

Vita vya Kagera ndipo penye utamu wenyewe. Mzee wangu mwaka 1978 alikuwa karani wa stoo Morogoro, akihesabu magunia. Lakini akisimulia, magunia hayamo. Majeshi ya Amin yanavuka mpaka Oktoba, yanavunja daraja la Kyaka, Mwalimu anahutubia, na ghafla kila kitenzi kinaingia wingi: tuliwasukuma, tuliwafukuza, tuliingia Kampala. Mzee wa namna hii mpe filamu ya Barbet Schroeder kuhusu Idi Amin, ya mwaka 1974. Mle ndani Amin mwenyewe anapiga akodiani, na anaendesha mazoezi ya kuiteka milima ya Golani, vifaru na askari wakipanda kilima cha Uganda kana kwamba Israeli iko upande wa pili. Lugha ni ya kigeni, na hilo ni jema, maana Mzee ndiye atakayemfasiria Mama. Mama alifasiriwa kwamba wale waliokuwa wanapanda kilima ndio hasa tuliowapiga. Filamu ilipigwa miaka minne kabla ya vita. Nilinyamaza.

Kisa cha nyuma ya filamu hiyo usikisome, mwachie akusimulie yeye. Amin hakupenda baadhi ya vipande. Akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawaweka hotelini, askari wakaizunguka, kisha akawapa namba ya simu ya Schroeder ili wambembeleze wao wenyewe. Vipande vikakatwa. Amin alipoanguka, vikarudishwa. Mzee akifika hapo hupiga paja, akasema huyo ndiye mhariri pekee aliyewahi kupewa kila alichoomba.

Na simu yako uiweke mfukoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, mimi na wewe tunajua. Mzee akisema ilianguka Mei, iache ianguke Mei. Mtoto anayethibitisha tarehe intaneti mbele ya baba yake amemletea mtihani, si zawadi.

Kama Mzee wako ni wa kulipenda Azimio la Arusha kwa dhati, mtafutie mfululizo wa Ali Mazrui wa mwaka 1986, sehemu 9, kuhusu Waafrika na urithi wao wa mara tatu: asili, Uislamu na Magharibi. Mazrui, mwana wa Mombasa, hakuwa mtu wa kumpigia makofi kila mwanasiasa, na Mzee atabishana na kioo mpaka chai ipoe. Akumbushwe tu kwamba hayuko peke yake: kule Marekani, Lynne Cheney, aliyeongoza mfuko wa serikali uliochangia fedha, alichukia hadi akataka jina la mfuko liondolewe. Wazee wa Mombasa hawabishani na mfululizo huu. Wanakwambia walisoma naye.

Kwa asiyetaka siasa, mpe pambano la Ali na Foreman. Ngumi zilipigwa Kinshasa Oktoba 1974, filamu yake ikachelewa kutoka hadi 1996. Ngumi hazihitaji mfasiri. Pambano lilianza alfajiri ya saa kumi ya kule, kwetu saa kumi na mbili asubuhi, na sijakutana bado na mzee wa rika hilo ambaye asubuhi ile hakuwa karibu na redio.

Kuna moja usimpelekee: filamu ya Waitaliano, Africa Addio, yenye picha za maiti wa Unguja mwaka 1964 zilizopigwa kutoka angani. Hiyo si zawadi. Huenda anamjua mtu aliyelala pale.

Mambo madogomadogo: deki iwe nzima, rimoti iwe mkononi mwake, na usianzishe chochote ikikaribia saa mbili usiku, maana taarifa ya habari haimpishi mtu.

Mimi mwenyewe nilimaliza fedha kwenye The World at War, ya Waingereza, mwaka 1973, sehemu 26, sauti ya Laurence Olivier. Nilipiga hesabu kwamba ni karibu mwezi mzima wa amani nyumbani. Kwa mwendo wa Mzee, anayesimamisha kila baada ya dakika kumi kutoa ufafanuzi, ilituchukua miezi mitano. Ila sehemu ya 14, ya Burma, hakuisimamisha. Babu alikuwa Keya, askari wa Waingereza. Alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua ikinyesha, na akarudi bila kusimulia kitu. Mzee alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo. Ilipoisha akairudisha mwanzo. Kesho yake pia.

Siku hizi wageni wakija huwekewa hiyo hiyo. Kuna mahali mgongo wa askari mmoja unapita haraka, sekunde mbili hivi, sura haionekani. Hapo ndipo rimoti inabonyezwa. "Huyo," anasema Mzee, na Mama, akiwa na birika mkononi, anasema eeh, ndiye, alikuwa anatembea hivyohivyo.