Reti Imepanda, Kasema Landilodi

Keateka wetu hapa Kawangware habishi hodi. Yeye hugonga bati la mlango kama polisi wa msako, na ukifungua anakupa habari mbaya huku ametabasamu. Mwisho wa mwezi alileta karatasi yenye sentensi moja: kodi ya kila chumba itaongezwa shilingi 500 “kutokana na kupanda kwa reti za kaunti”.

Hapo mzee mwenye ploti alicheza karata yake vizuri. Reti ni ushuru wa ardhi anaotozwa yeye kila mwaka, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyewahi kuona bili yake. Angetuambia maji yamepanda, tungebisha, maana mtungi tunaununua wenyewe. Lakini reti? Majirani waliguna, wakalipa. Mimi niliguna, nikafungua kikokotoo cha simu.

La kwanza nililokutana nalo ni kwamba Nairobi haitozi ushuru wa nyumba hata kidogo. Inatoza udongo. Mthamini wa kaunti akisimama mbele ya ploti yetu anatakiwa ajifanye haoni kitu: haoni ghorofa, haoni vyumba arobaini, haoni kamba za nguo wala choo tunachopigania foleni alfajiri. Anakadiria bei ya kiwanja kana kwamba ni kitupu. Jirani aliyebaki na vyumba vya mabati na yule aliyepandisha ghorofa saba mpaka jua likatukimbia, ikiwa viwanja vyao vina thamani moja, watalipa sawasawa. Sisi tuliopangwa humo ndani, kwa macho ya huo ushuru, tunaning'inia hewani.

Haya, hesabu. Kwa miaka mingi jiji lilitoza asilimia kubwa ya thamani ya kiwanja, ila thamani yenyewe ilikuwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watoto wamezaliwa, wamesoma, wamezaa wao, Lavington hapo ng'ambo ardhi imekuwa haishikiki, na daftari la kaunti bado lilikuwa linasoma bei za zamani zile. Orodha mpya ya uthamini ilipokuja, kiwango kikashushwa hadi asilimia 0.115, lakini ya bei za siku hizi. Ndiyo maana kila mwenye ploti analia, na wengine wana haki ya kulia.

Basi tuseme kiwanja chetu, futi 50 kwa 100, kimethaminiwa shilingi milioni 10. Asilimia 0.115 ya hapo ni shilingi 11,500. Kwa mwaka. Gawanya kwa vyumba 40, kisha kwa miezi 12: kila chumba kinabeba shilingi 24 kwa mwezi. Hiyo ni chapati moja na chenji kidogo. Na si nyongeza hiyo, ni reti nzima! Ukiona nimempunja mzee, weka milioni 20. Tutafika chapati mbili.

Sasa geuza upande wa pili. Shilingi 500 mara vyumba 40 mara miezi 12 ni shilingi 240,000. Kwa nyongeza ya mwaka mmoja tu, mzee anaweza kulipa reti ya miaka ishirini na abakiwe na 10,000 za nyama choma.

Ikiwa analipa, lakini. Mwisho wa kulipa huwa Machi 31, na baada ya hapo riba inaanza kupanda. Ila wenye ploti wa Nairobi wanaijua kaunti yao: hazina ikikauka, unatangazwa msamaha wa riba, na aliyekaa na deni miaka na miaka anaingia kwa madaha kulipa deni tupu. Aliyelipa Januari hapati chochote kwenye msamaha huo.

Halafu kuna ushuru mwingine ambao karatasi yetu haikuutaja, ule wa mapato ya kodi ya nyumba. Huo hauendi kwa kaunti, unaenda serikali kuu. Ulikuwa asilimia 10, na Januari 2024 ukashushwa hadi 7.5. Vyumba 40 kwa shilingi 4,500 vinaleta 2,160,000 kwa mwaka, kwa hiyo ushuru ulitoka 216,000 ukawa 162,000. Mwenye ploti ya namna hiyo aliokolewa shilingi 54,000, karibu mara tano ya reti yote. Mwezi huo sikusikia mlango wowote Kawangware ukigongwa kutangaza kwamba kodi imepungua.

Nilipompigia binamu yangu wa Laini Saba, Kibera, nimweleze yanayonisibu, alicheka mpaka simu ikakatika. Kumbe naye ameongezewa shilingi 300, sababu ni hiyo hiyo: reti. Hapo nilisimama. Huku Kawangware ploti nyingi zina hati, ni mashamba ya watu yaliyokatwakatwa. Lakini Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya serikali. Wanubi, waliokaa pale tangu enzi za wakoloni, walingoja hadi 2017 ndipo wakapewa hati ya jumuiya ya ekari 288. Wengi wa wenye nyumba waliobaki wanamiliki kuta na mabati tu. Chini ya mabati si kwao. Landilodi wa binamu yangu hana hati, na kaunti haina mahali pa kumtumia bili ya kiwanja. Reti yake ni sufuri, na sufuri hiyo imepanda kwa shilingi 300 kila chumba.

Sisemi landilodi asipandishe kodi. Saruji imepanda, stima imepanda, na mzee ana karo za kulipa. Aseme hivyo, tutaguna na tutaelewa. Lakini wewe mpangaji mwenzangu, ukiambiwa ni reti, usigombane na mtu. Omba kwa adabu bili ya kaunti ya mwaka jana na ya mwaka huu, zenye namba ya ploti. Toa moja kwa nyingine, gawanya kwa vyumba, gawanya kwa 12, na utakachopata ulipe chote, tena kabla ya tarehe tano.