Kipo, Mzee, Ila Hakionekani

Maandishi yalikaa ukutani muda wa kutosha kusomwa na ukumbi mzima, pamoja na mama wa chai aliyesimama mlangoni na sinia lake. Projekta ya kukodi, iliyoshinda asubuhi nzima ikionesha kila kitu kwa ukungu, ilipata macho ghafla: faili au saraka hiyo haipo. Nikafuta, nikaita amri upya. Haipo. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Haipo.

"Fundi," mwenyekiti wa chama akauliza kwa upole unaouma kuliko tusi, "hicho kitu kiko wapi?"

"Kipo, mzee."

"Kiko wapi?"

"Kipo humu humu kwenye mashine. Ila hapa tulipo hakionekani."

"Kama hesabu za mwaka jana!" sauti ikatoka viti vya nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko huku mweka hazina akiikagua simu yake kwa makini mno.

Nilikuwa nimeitwa Tabora kuamua kesi ya bando. Chama kina intaneti moja, kila mwezi inakata kabla mwezi haujafika katikati, na kila anayeulizwa anaapa kwamba yeye hufungua barua pepe tu. Nikawaahidi programu ndogo ya eBPF, ambayo hukaa ndani ya kerneli ya Linux, pale ambapo kila paketi lazima ipite, na kuhesabu kila kifaa kimekula baiti ngapi. Shahidi asiyehongeka. Ili nisichafue seva ya watu, programu ikaja imefungwa ndani ya kontena la Docker.

Sasa, kontena halina kerneli. Lina maktaba zake, folda zake, hata jina lake la mashine, lakini kerneli ni ya mwenyeji, kama mpangaji aliyehamia na vyombo vyake vyote na bado anachota maji kwenye kisima cha mwenye nyumba. Ukiwa ndani ya kontena ukiuliza uname -r, unajibiwa kwa toleo la mwenyeji. Seva ile ni Ubuntu 22.04, kerneli yake 5.15. Kontena langu ni Debian 12, ambayo ghala lake la paketi linaijua kerneli 6.1. Kwa hiyo unapoiambia Debian ikuletee heda za kerneli inayotumika, inatafuta kwa uaminifu kitu ambacho haijawahi kukisikia, kisha inaomba radhi.

Na heda hizi si pambo. Ndani ya kerneli kila kitu ni muundo wa data: paketi, soketi, mchakato. Heda ndizo zinazotangaza muundo huo umepangwaje, kwamba ukitaka anwani ya mtumaji, hesabu baiti kadhaa tangu mwanzo. Toleo likibadilika, mpangilio nao unaweza kusogea. Ukitumia heda za toleo jingine, unasoma mahali pasipo sahihi, na unapata namba inayofanana kabisa na anwani, ukamtia hatiani mtu asiye na kosa. Ndiyo maana BCC, zana niliyoitumia, hukompaili programu palepale ilipo, kwa heda za palepale. Isitoshe kuna heda za aina mbili zenye majina yanayokaribiana. Zipo za programu za kawaida, ambazo kerneli inajitahidi sana isizivunje, na zipo za ndani ya nyumba. Kwenye Linux ya Alpine paketi ya aina ya kwanza inaitwa linux-headers, jina la kumtega mtu mchana kweupe. Nimewaona mafundi wakiisakinisha, wakapongezana, kisha wakakwama mstari uleule.

BCC inakwenda kutafuta kwenye /lib/modules, chini ya namba ya kerneli, kitu kinachoitwa build. Mwongozo nilioufuata ulisema niipitishe folda hiyo ya mwenyeji ndani ya kontena, basi. Nikafanya. Lakini build si folda. Ni kiungo tu, kidole kinachoonesha /usr/src, na /usr/src ilibaki nje ya kontena. Ukiorodhesha, jina unaliona. Ukiingia, hakuna.

Hata David Livingstone aliyaona haya: alifika Ujiji Oktoba 1871 akijua bidhaa zake zimetumwa kutoka pwani na zinamsubiri. Jina lake lilikuwepo, mzigo ulikuwepo kwenye maneno ya watu, lakini aliyekabidhiwa alikwisha kuuza kila kitu. Baadaye Stanley, aliyekuja kumtafuta, akamleta huku Unyanyembe, akamwacha Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akakaa kuanzia Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Nilipokuwa nasubiri zana za kukompaili, clang na llvm, zishuke kwa bando la simu yangu mwenyewe, nilimwelewa vizuri yule mzee.

Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Miongozo hii inaandikwa na watu ambao kwao intaneti ni hewa. "Jenga upya taswira ya kontena," wanasema, kama anayesema fungua dirisha. Kujenga upya ni mamia ya megabaiti, na mimi nimekuja kuwatafuta wala bando! Anayeandika mstari huo hajawahi kununua bando la wiki likaisha kabla ya mchana, wala hatauandika tofauti kwa sababu yangu. Na ujumbe wa kosa wenyewe ungeweza kusema kiungo kipo, kinachoelekezwa ndicho hakipo. Herufi chache tu za ziada. Zingeniokoa na mweka hazina.

Tiba ni kusakinisha heda kwenye seva yenyewe, si kwenye kontena, kisha kupitisha /lib/modules pamoja na /usr/src yote, kwa kusoma tu. Yote, kwa sababu kwenye Ubuntu folda yenye mkia wa generic nayo imejaa viungo vinavyoonesha folda jirani isiyo na mkia.

Nilipokwenda Nzega kwa kazi kama hiyo, nilijaribu njia mpya: kerneli nyingi za sasa hubeba maelezo ya miundo yao ndani ya /sys/kernel/btf/vmlinux, na zana ya bpftool huyageuza kuwa heda moja ya mistari zaidi ya laki. Umeme ukakatika.

Urambo, kerneli ilikuwa ya zamani, faili hilo halikuwepo kwa maana zote.

Sikonge, heda nyingine haikuonekana: asm/types.h.

Tabora, niliporudi, programu ilikubali, ikahesabu usiku kucha, ikataja simu ambayo mmiliki wake siwezi kumwandika hapa. Katibu wa chama akanivuta pembeni, akanishika mkono kwa heshima zote, akauliza kama kuna namna ya kuiambia isihesabu baada ya saa kumi na mbili jioni.