Barua ya wazi kwa Benki Kuu: mtuhesabu pia tunapotoka

Kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya,
Haile Selassie Avenue, Nairobi.

Mheshimiwa Gavana,

Tunawapongeza kwa hesabu. Kila mwezi ofisi yako hututangazia dola ambazo Wakenya wa ng'ambo wametuma nyumbani, na mwaka 2024 jumla ilikaribia bilioni 4.95, kutoka bilioni 4.19 mwaka uliotangulia. Huku Sigor, ukingoni mwa nchi ya chai, maana yake tumeielewa bila mtaalamu: pesa hizo zinazidi mapato yote ya chai ambayo Kenya huuza nje, tena zaidi ya mara tatu. Zao kuu la Bomet na Kericho sasa halichumwi, linapanda ndege. Basi kwa kuwa mmetufanya zao, tupeni angalau heshima za zao. Majani ya chai hupimwa kwenye kituo cha kununulia mbele ya mkulima, akapewa risiti. Mbolea aliyokopeshwa hukatwa na kuandikwa kwenye hesabu yake. Bonasi ikishuka, kipo kiwanda cha kwenda kupigia kelele. Sisi tunapimwa mara moja tu, tena tukisharudi kwa sura ya dola. Mbolea yetu haimo katika taarifa zenu.

Hiyo mbolea si haba. Kijana aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha Ujerumani hutakiwa kwa kawaida aonyeshe euro 11,904 ndani ya akaunti iliyofungwa, ambayo humfungulia euro 992 kwa mwezi akishafika. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni moja na nusu. Uingereza nayo humtaka mfanyakazi ambaye mwajiri wake hakuthibitisha kwamba atamgharamia maisha ya mwanzo awe na pauni 1,270 zilizolala benki siku 28 mfululizo. Yaani anayeondoka kwa kukosa pesa lazima kwanza athibitishe kwamba anazo. Ukoo unakutana, ng'ombe wanauzwa, hati ya shamba inakwenda kuwekwa rehani, na stetimenti iliyosoma salio la shilingi mia nane kwa miezi mitano inaamka mwezi wa sita ikiwa tajiri. Afisa wa viza anauliza utajiri umetoka wapi. Swali ni la haki, wala hatumlaumu. Ila mnajua kwamba Februari 2024 Kenya iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika linalofuatilia utakatishaji wa fedha duniani, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukatuweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa, hivyo benki za huko zikatakiwa kuichunguza zaidi pesa inayotoka kwetu. Harambee za kwetu Chepalungu hazikutuingiza kwenye orodha hizo. Hata hivyo, ndizo zinazolazimika kujieleza.

Halafu kuna suala la shilingi, na hapa tunaomba mtuvumilie. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa karibu 129. Mlisherehekea, na kwa haki, maana anayeagiza mafuta alipata nafuu. Lakini mwangalieni anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, ambaye mshahara wake ni riyali, sarafu iliyofungwa kwa dola kwa bei ile ile tangu 1986. Dola 200 alizokuwa akituma zikafika nyumbani shilingi 25,800 badala ya 32,000. Deni la Sacco alilochukua ili asafiri lilikuwa la shilingi, na halikupungua hata senti. Dola zake zilisaidia kuinua shilingi, na shilingi iliyoinuka ikamla. Katika jedwali lenu mwaka huo umeandikwa kama ushindi mtupu, kwa sababu mnahesabu dola zilizoingia na hamna safu ya deni zinalokwenda kulipa.

Mtajibu kwamba hiyo ni mali binafsi. Hakuna aliyetumwa kusafiri wala kukopa. Sawa. Lakini mali binafsi haitajwi kwenye hotuba za taifa kama mafanikio ya serikali. Ikiwa faida ni ya wote, haiwezekani gharama pekee iwe siri ya ukoo. Na serikali ilipoingia yenyewe upande wa kutoka, mliona: mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakilalamika kwamba karo waliyoipitisha kwa kaunti haikufika kwenye vyuo vya Finland na Kanada. Chai ikipotelea njiani, mtu huulizwa uzito wake. Pesa ya kwenda haina mzani.

Wengine watasema simu imemaliza shida hizi tangu M-Pesa ya 2007. Imemaliza za hapa. Ukikaa ng'ambo, laini isiyotumika hatimaye hupewa mtu mwingine, na ujumbe wa siri wa kufungulia akaunti yako unaishia mfukoni mwa mgeni. Kule ulikohamia, aliyelipa mikopo ya Sacco miaka kumi bila kuchelewa anaanza kama mtu asiyewahi kukopeshwa hata kiberiti, kwa kuwa rekodi zetu za mikopo kwa kawaida hazivuki mpaka. Ulaya ilishalifikiria hili: tangu 2016 mkazi halali wa Umoja wa Ulaya, hata asiye na anwani ya kudumu, ana haki ya akaunti ya msingi. Ni wangapi wanaoondoka Bomet wakiijua haki hiyo?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, serikali ikienda Berlin tena kama Septemba 2024, mkataba wa ajira kati ya Kenya na Ujerumani uliposainiwa, ishaurini iulize kuhusu akaunti na rekodi za mikopo kabla ya kuuliza nafasi ni ngapi. Na katika taarifa ya kila mwezi ongezeni safu moja: akiba iliyofungwa ng'ambo, ada za viza na wakala, riba za mikopo ya safari, na gharama ya kutuma, ambayo kwa nchi zetu bado ni zaidi ya mara mbili ya asilimia 3 iliyolengwa na Umoja wa Mataifa kwa 2030. Ikiwa ukurasa hautoshi, ondoeni ule mchoro wa mstari unaopanda.

Wako mtiifu,
Zao la Sigor, Chepalungu